Kumchora Marehemu Ukutani: Mwongozo Kamili wa Picha ya Kumuenzi Mfanyabiashara na Mhisani

Kazi ya namna hii huanza kwa simu. Anayepiga ni ofisa wa kampuni, au mtoto wa marehemu, au mwalimu mkuu wa shule aliyoijenga marehemu, na ombi ni moja: wanataka kumchora mzee ukutani. Mara nyingi kumbukumbu ya mwaka mmoja inakaribia, na tarehe ya uzinduzi imeshatangazwa kabla mchoraji hajapatikana.

Nimeuandika mwongozo huu kwa pande zote mbili, mchoraji aliyepata kazi na familia au kampuni inayotaka kuiagiza. Msimamo wangu niuseme mapema. Mtu aliyefanya biashara na kusaidia watu anaenziwa kwa kuonyesha alichokifanya. Uso mkubwa peke yake, na jina chini yake, unafanana na bango la kampeni. Waliomjua watauheshimu, lakini mtoto aliyezaliwa baada ya mazishi atapita mbele yake kila siku akienda shule bila kujua huyu alikuwa nani na kwa nini yuko hapo.

Nitatumia mifano ya watu wawili wanaojulikana sana kwetu. Wa kwanza ni Reginald Mengi, mwenye kundi la kampuni za IPP, aliyefariki Dubai tarehe 2 Mei 2019 na kuzikwa kwao Machame, Moshi. Wa pili ni Bob Collymore, mzaliwa wa Guyana aliyeiongoza kampuni ya simu ya Safaricom kuanzia mwaka 2010 hadi alipofariki Nairobi tarehe 1 Julai 2019. Sizungumzii picha fulani ya ukutani iliyokwisha kuchorwa. Nawatumia kuonyesha jinsi ya kufikiri pale unapokabidhiwa mtu wa aina yao.

Hatua ya 1: Jua nani ana neno la mwisho

Katika kazi hii kuna pande nne: anayelipa, familia, mwenye ukuta, na watu wa mtaa watakaoishi na picha hiyo. Ni nadra kukuta pande zote nne ziko kwa mtu mmoja. Kampuni inaweza kuwa tayari kulipa wakati mjane hajaulizwa. Shule inaweza kuwa imekubali, kumbe jengo ni la kanisa.

Omba mkutano mmoja wa ana kwa ana, na kabla haujaisha pata jina la mtu mmoja atakayesaini mchoro wa awali kwa niaba ya wote. Kwa upande wa familia, uliza waziwazi kama mirathi imekwisha na msimamizi wa mirathi ni nani. Pale penye mali nyingi mara nyingi pana mvutano, na kila upande utataka picha iseme jambo lake: mke yupi aonekane, mtoto yupi aachwe. Kama shauri bado liko mahakamani, nashauri picha isiwe na mwanafamilia mwingine yeyote. Mchore marehemu na kazi zake, basi.

Swali la dini nalo liulizwe mapema na kwa adabu. Familia nyingi za Kiislamu, hasa Pwani na Visiwani, hazipendi sura ya marehemu wao iwekwe ukutani. Msijaribu kuwashawishi, na msilione kuwa kikwazo. Ukanda huu una desturi ndefu ya kumkumbuka mfanyabiashara kwa jengo lake. Ile Zahanati ya Kale iliyoko ufukweni Zanzibar, yenye roshani za mbao zilizochongwa, bado inahusishwa na jina la mfanyabiashara Tharia Topan aliyeanza kuijenga, na Mombasa kuna shule inayobeba jina la Allidina Visram. Kwa familia kama hiyo unaweza kuchora jengo alilojenga, jahazi au duka alipoanzia, mti, maandishi ya kupendeza yenye jina lake na dua, au nakshi za milango ya Pwani. Picha ya namna hiyo inaweza kuwa na nguvu kuliko sura.

Muda nao una heshima yake. Msiguse ukuta kabla ya arobaini. Kumbukumbu ya mwaka mmoja ni wakati mzuri kwa sababu kilio kimepoa na watu wanaweza kukaa wakasimulia.

Hatua ya 2: Mkusanye marehemu kabla ya kumchora

Hapa ndipo picha inapopata uhai, na ndipo wengi wanapopita haraka. Tenga wiki mbili. Zungumza na familia, halafu nenda kwa watu wasio wa familia: dereva wake wa zamani, mhudumu wa ofisi, mtu aliyesomeshwa naye, jirani wa kijijini. Waulize maswali yanayojibika kwa vitu. Alikuwa anavaa nini Jumamosi? Alikaa kiti gani? Alianza na nini? Alikuwa anasema nini mtu akikata tamaa? Ukiuliza alikuwa mtu wa namna gani, utaambiwa alikuwa mkarimu, na ukarimu mtupu hauchoreki.

Chukua mfano wa Mzee Mengi. Wengi wakimfikiria wanaona ITV, Radio One na gazeti la Nipashe, kwa hiyo mchoraji mvivu atachora maikrofoni na runinga. Lakini alikuwa mhasibu aliyeingia kwenye uzalishaji kwa kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake Dar es Salaam. Kalamu hiyo ni kitu kidogo, kila mtoto wa shule anakijua, na ndani yake kuna safari nzima ya mtu aliyezaliwa katika umaskini Machame. Kuna pia miti, kwa sababu aliongoza kampeni kubwa ya kupanda miti kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Na kuna chakula cha mchana alichokuwa akiwaandalia watu wenye ulemavu kila mwaka. Kalamu, miti, meza ya chakula. Hapo picha imeshaanza kujipanga yenyewe.

Kwa Collymore ningeachana na simu ya mkononi, ingawa kila mtu ataitaja. Alipenda muziki wa jazi, na tamasha la jazi la Safaricom lililoanza mwaka 2014 lilipeleka mapato yake kwa Ghetto Classics, mradi unaofundisha watoto wa Korogocho, mtaa wa mabanda wa Nairobi, kupiga vyombo vya muziki. Picha yake ningeiweka Korogocho kwenyewe, ala zikiwa mikononi mwa watoto na yeye pembeni akisikiliza.

Hilo linanileta kwenye jambo ninalolishikilia sana. Waliosaidiwa wachorwe kwa hadhi. Usichore mikono iliyonyooshwa kuomba, wala tajiri aliyesimama juu akiwainamia watoto na mfuko wa mchele. Kama ni ile meza ya chakula, wote wakae meza moja, wa kiti cha magurudumu akiwa usawa wa macho na mwenyeji wake, wengine wakicheka, mmoja akimsogezea mwenzake bakuli. Na usimchore mtu halisi anayetambulika, hasa mtoto au mgonjwa, bila ridhaa yake au ya mzazi wake. Sura za kubuni zinatosha kabisa.

Picha za kuigia

Kusanya picha nyingi za uso, za umri mbalimbali, kisha familia ichague umri wanaotaka akumbukwe nao. Wengi huleta picha ya mwaka wa mwisho, mtu akiwa amekonda kwa maradhi. Waombe kwa upole warudi nyuma miaka kumi. Tafuta picha ambayo mwanga unatoka upande mmoja, ili pua, mashavu na nyusi zitoe vivuli. Picha ya kadi, iliyopigwa kwa mwanga wa mbele, inaufanya uso uwe bapa ukutani.

Kumbuka pia kuwa picha ina mwenyewe. Kwa kawaida hakimiliki ya picha ni ya aliyeipiga au chombo cha habari kilichomwajiri, hata kama aliyemo ndani ni baba yenu. Sheria ziko, Tanzania ya mwaka 1999 na Kenya ya mwaka 2001, na ofisi za hakimiliki za nchi hizo, COSOTA na KECOBO, ndizo wasimamizi. Njia rahisi ni kutumia picha za familia, au kuunda sura mpya kutokana na picha kadhaa, au kumwomba mpiga picha ruhusa ya maandishi.

Hatua ya 3: Chagua ukuta kwa macho ya fundi

Anayeagiza atataka ukuta unaoonekana zaidi barabarani. Wewe tafuta ukuta utakaoishi. Mambo manne yaangaliwe.

La kwanza ni unyevu. Bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita ukutani kwa tepu pande zote nne, uache usiku na mchana. Ukikuta matone upande wa ndani, ukuta unatoa maji. Tazama pia unga mweupe unaochipuka kwenye lipu, ile chumvi inayosukumwa nje na maji yanayopanda kutoka kwenye msingi. Rangi yoyote utakayopaka juu yake itabanduka, hata iwe ghali namna gani. Mahali pa kuanzia ni mfereji wa paa, bomba linalovuja, au udongo uliorundikwa kwenye msingi.

La pili ni umri wa lipu. Lipu mpya ya saruji isubiri angalau siku 28, kwa sababu bado ina ukali unaokula rangi.

La tatu ni jua. Ukuta unaotazama magharibi unapigwa na jua la alasiri kila siku ya mwaka. Kwa Dar es Salaam, jua la mchana linapita upande wa kaskazini tangu mwanzoni mwa Machi hadi karibu katikati ya Oktoba, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini ndio unaopumzika zaidi, na rangi zake zitadumu zaidi. Nairobi iko karibu sana na ikweta, hivyo kaskazini na kusini hugawana mwaka karibu nusu kwa nusu. Huko kimbia magharibi tu.

La nne ni mtazamaji atasimama wapi. Simama pale watu watakaposimama, kwenye kituo cha daladala au ng'ambo ya barabara, upige picha ya ukuta kwa simu. Nguzo ya umeme, mwembe, banda la chipsi, vyote vitakuwa mbele ya picha yako. Hakikisha uso hautaangukia nyuma ya nguzo.

Hatua ya 4: Vibali na mkataba

Mwenye ukuta atoe ruhusa ya maandishi, yenye muda. Kisha serikali ya mtaa ijulishwe na halmashauri au kaunti iulizwe. Nembo ya kampuni ndiyo inayoleta mzozo: picha yenye nembo kubwa inaweza kuhesabiwa kuwa tangazo na kudaiwa ada ya mabango mwaka hadi mwaka. Kampuni ikitaka kutajwa, kibao kidogo chini pembeni kinatosha, na hata kwa heshima ya marehemu ndivyo inavyopendeza. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na Lamu iliyoingia mwaka 2001, usiguse ukuta wa nje bila idhini ya wasimamizi wa hifadhi. Kuta za huko ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinapumua, na rangi ya plastiki inazinyima hewa hadi lipu inaanguka vipande vipande. Kwa maeneo hayo chora kwenye mbao au vibao vya alumini vinavyotundikwa, ukuta ubaki kama ulivyo.

Mkataba usiwe mrefu, kurasa mbili zinatosha, lakini ziseme haya: ukubwa kwa mita za mraba; nani ananunua rangi na kukodi jukwaa; malipo kwa awamu; marekebisho mangapi ya mchoro wa awali yamo ndani ya bei; mvua ikinyesha inakuwaje; kodi ya zuio inakatwa kwa nani. Mimi napendekeza sehemu ya kwanza ya malipo ilipwe kabla ya mchoro wa awali, ya pili kabla ya kupanda jukwaa, na ya mwisho siku ya kukabidhi, kabla ya sherehe. Baada ya sherehe simu hazipokelewi.

Andikeni pia nani anaruhusiwa kuchapisha picha hiyo kwenye kalenda, fulana na matangazo. Kenya, sheria inahesabu kuwa hakimiliki ya kazi iliyoagizwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mkataba useme vinginevyo, kwa hiyo mchoraji asiyeandika amekwisha kutoa. Na pawe na kifungu kinachosema ukuta ukitaka kubomolewa au kupakwa upya, familia na mchoraji wapewe taarifa ya siku 60. Hakizuii ubomoaji, ila kinawapa nafasi ya kuipiga picha na kuaga.

Hatua ya 5: Mchoro wa awali

Chora kwa vipimo halisi. Ukuta wa mita 6 kwa mita 4 ukiupunguza mara 25 unapata karatasi ya sentimita 24 kwa 16. Weka marehemu upande mmoja, macho yake yakitazama ndani ya picha, kuelekea kwenye kazi zake. Akitazama nje, watazamaji watamfuata huko nje na kuacha yaliyomo.

Usiweke uso chini sana. Mita mbili za kwanza kutoka ardhini ni eneo la migongo, baiskeli, mipira na matope ya mvua. Hapo weka vitu vinavyostahimili na vinavyotengenezeka kirahisi: nyasi, udongo, nakshi, mizizi ya miti. Kwa picha ya Mengi, miteremko ya Kilimanjaro yenye miche ingekaa hapo vizuri sana.

Peleka mchoro kwa yule msaini mmoja, ukiwa na rangi zake, pamoja na picha ya simu inayoonyesha mchoro umebandikwa kwenye ukuta wenyewe. Pokea maoni yote kwa pamoja na kwa maandishi. Akisaini, mabadiliko yamefungwa.

Wakati huo huo tembea mtaani. Waonyeshe mama ntilie, vijana wa bodaboda na mlinzi wa geti. Waeleze ni nani na kwa nini. Picha inayolindwa na kijiwe cha bodaboda haichafuliwi. Wakikwambia marehemu alichimba kisima hapo mtaani na hukukichora, wasikilize, kisima hicho kina haki ya kuwemo.

Hatua ya 6: Kuandaa ukuta

Panga kazi ya nje Juni hadi Septemba, au Januari na Februari, ili ukwepe masika na vuli. Kama kumbukumbu inaangukia Mei, picha ikamilike Februari na ifunikwe kwa turubai lenye nafasi ya hewa.

Kwangua rangi yote iliyolegea. Pitisha kiganja ukutani: kikitoka na unga mweupe, kuna chokaa ya zamani, nayo isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka uishe. Kuvu nyeusi au ya kijani ioshwe kwa maji yenye dawa ya klorini, isuuzwe, iachwe ikauke kabisa. Fungua nyufa kwa ncha ya mwiko kabla ya kuzijaza, maana ufa uliopakwa juu juu hurudi. Baada ya msasa, paka praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) ya kuta za nje inayostahimili ukali wa saruji, kisha mikono miwili ya rangi ya msingi, yaani uipake mara mbili.

Kwa ukuta wetu wa mita za mraba 24, ukikadiria lita moja kwa mita 8 za mraba, mkono mmoja ni lita 3 na miwili ni lita 6. Ukuta wa lipu ya kukwaruza utakunywa zaidi. Rangi ya msingi isiwe nyeupe kabisa. Kahawia hafifu au kijivu chenye joto hukusaidia kupima mwanga na kivuli tangu mwanzo.

Tumia rangi ya maji ya akriliki ya nje, daraja la juu kadiri mfuko unavyoruhusu. Rangi ya mafuta tuwaachie mageti na wachoraji wa Tingatinga juu ya mbao. Juu ya lipu inaziba unyevu, inapata magamba, na nyeupe yake hugeuka njano.

Jukwaa liwe la chuma, limesimama juu ya mbao ngumu badala ya udongo mtupu, limefungwa ukutani, na lina kizuizi cha kiunoni. Ngazi ikitumika, kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wake usogee mita 1 kutoka ukutani. Nyaya za umeme zikiwa karibu, waite shirika la umeme kabla ya kusimamisha chochote cha chuma. Hapo pasiwe na mjadala wa gharama.

Hatua ya 7: Kuhamishia mchoro ukutani

Zipo njia tatu. Miraba ndiyo ya zamani na haihitaji umeme: kwenye karatasi yetu mraba wa sentimita 2 unakuwa sentimita 50 ukutani, jumla miraba 12 kwa 8. Piga mistari kwa uzi wa chaki, ukitumia pima maji na timazi, usiamini ukingo wa jengo. Projekta ni ya haraka, lakini inataka giza na ukuta ulio wazi mbele, na ikisogea kidogo uso unapinda.

Ninayoipenda zaidi ni ya michirizi. Chukua brashi na rangi hafifu, ujaze ukuta mzima kwa alama za ovyo: herufi, nyota, namba, mizunguko, kila moja tofauti na mwenzake. Piga picha ya ukuta ukiwa umesimama katikati yake. Kwenye simu, weka mchoro wako juu ya picha hiyo ukiwa umefifishwa nusu. Sasa unaona kona ya jicho la kushoto iko kati ya herufi K na mkia wa nyota, na ncha ya kidevu inagusa tumbo la namba 8. Unapanda jukwaani, unaitafuta K, unaitafuta nyota, unaweka alama. Unafanya kazi ukiwa sentimita 40 kutoka ukutani, mahali ambapo uso wa mita mbili hauonekani hata kidogo, lakini hupotei.

Chora mistari kwa kalamu ya rangi ya maji au chaki. Penseli ya mafuta na kalamu za alama hujitokeza juu ya rangi baadaye.

Hatua ya 8: Ngozi, macho na mdomo

Uso wa mtu mweusi usichorwe kwa kahawia moja iliyotiwa nyeusi kwa vivuli na nyeupe kwa mwanga. Ukifanya hivyo ngozi inakuwa kama majivu, na familia itasema hafanani bila kujua kwa nini. Changanya madaraja 5 mapema, kila moja kwenye ndoo yake yenye kifuniko na namba. Kivuli kizito kitokane na kahawia iliyoiva na buluu nzito. Kinachofuata kiongezwe nyekundu ya oksidi ya chuma. Daraja la kati ndilo rangi yake hasa, lijaribu kwenye kipande cha ubao na uweke kando ya picha ya marehemu nje, kwenye mwanga wa mchana. La nne lipate njano ya udongo. La tano, la mwanga, litiwe buluu kidogo pamoja na nyeupe, kwa sababu kwenye paji la uso la ngozi nyeusi kinachong'aa ni mbingu. Chini ya taya weka joto kidogo, wekundu unaorudi kutoka kwenye nguo au ardhi.

Nyekundu kali na njano kali za bei rahisi hupauka kwanza kwenye jua. Oksidi za chuma, buluu na kijani za kisasa za rangi ya nje hudumu. Ukihitaji nyekundu kali kwa tai au khanga, iweke sehemu ndogo unayoweza kuirudia.

Anza na maeneo makubwa ya kivuli, acha kope na nywele kwa siku za mwisho. Kufanana hakutoki kwenye kope. Kunatoka kwenye umbali: kati ya pua na mdomo wa juu, kati ya macho, upana wa taya. Kila saa moja teremka, vuka barabara, ukunje macho na utazame. Piga picha uitazame ikiwa ndogo kama stempu, kisha uigeuze kushoto kulia, kasoro itajitokeza yenyewe. Mdomo ndio unaohitaji uvumilivu zaidi. Ukuta wa lipu una vijidonge, na kidonge kimoja kikikaa kwenye kona ya mdomo kinageuza tabasamu kuwa dharau. Kikwangue, kisha rudia.

Kwa kuwa watu watamtazama kutoka chini, refusha paji la uso kidogo kuliko picha inavyoonyesha, la sivyo kidevu kitatawala. Nukta ya mwanga kwenye mboni iwe upande mmoja katika macho yote mawili, na isiwe nyeupe tupu.

Siku ya macho, mwalike mtu mmoja aliyemjua sana. Asiwe kamati, awe mtu mmoja. Simama naye ng'ambo ya barabara na unyamaze. Neno lake la kwanza ndilo la kulifanyia kazi.

Hatua ya 9: Maandishi

Jina, miaka, na mstari mmoja. Hakikisha tahajia na tarehe kwenye nyaraka za familia, usichukue mtandaoni. Tarehe za kuzaliwa za wazee wetu wengi zinatofautiana kutoka gazeti hadi gazeti, na kosa likishaandikwa ukutani linaigwa na kila mpita njia. Vyeo virefu viachwe. Maneno yake mwenyewe yatumike tu kama yana uthibitisho wa sauti au maandishi.

Kwa msomaji aliye mita 15, herufi ziwe na kimo cha sentimita 12 hivi. Kazi hii mpe fundi wa mabango kama mkono wako si wa herufi. Mafundi waliozoea kuandika majina ya maduka na saluni wana utulivu wa brashi ambao wachoraji wengi hatuna, na wanastahili kulipwa na kutajwa.

Hatua ya 10: Kufunika, kukabidhi na kutunza

Subiri wiki moja hadi mbili rangi ikomae, kisha paka vanishi ya akriliki ya nje yenye kinga ya jua, mikono miwili myembamba, asubuhi, ukuta ukiwa mkavu. Isiyong'aa ni bora, maana inayong'aa hurudisha jua machoni na uso hauonekani mchana. Sehemu ya chini iongezwe mkono wa tatu kwa ajili ya kuoshwa.

Siku ya uzinduzi, nashauri waliosaidiwa na marehemu wazungumze kabla ya wageni rasmi. Weka kibao kidogo kando ya picha kinachoeleza kwa sentensi chache kalamu ni ya nini, miti ni ya nini, na meza ile ni ipi.

Mkabidhi mwenye ukuta bahasha yenye majina ya rangi, vipimo vya kila mchanganyiko, na tarehe za kazi, pamoja na makopo madogo ya madaraja yote 5 ya ngozi yaliyofungwa vizuri na kuhifadhiwa kivulini. Ukaguzi ufanyike kila mwaka baada ya masika: kuosha kwa maji na sabuni laini bila brashi ngumu, kutazama nyufa na mifereji ya paa, kurudia sehemu zilizopauka. Vanishi irudiwe kila inapoanza kufifia, kwa kawaida baada ya miaka michache, mapema zaidi karibu na bahari. Gharama hiyo iandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo na iwe na mlipaji anayejulikana kwa cheo, kwa sababu ofisa aliyekupigia simu anaweza kuhama kazi kabla ya masika ya pili.